Video ya Harusi Ifike Hadi Kwenye Deki

Video iko kwenye kompyuta, bibi yuko Nachingwea, na sebuleni kwake kuna TV ya kichogo na deki. Harusi imepita, mpiga video amekukabidhi flashi yenye faili la MP4, na wewe umeshalitazama kwenye simu ukaridhika. Waliochangia kutoka kijijini bado hawajaona kitu, na wengi wao hawataona kwa njia ya WhatsApp. Wanachohitaji ni DVD: waiingize kwenye deki, wabonyeze kitufe kimoja, waanze kuwatambua watu wao.

Kazi hii inafanyika Kariakoo na mitaa ya Posta kila siku, na kila siku inaharibika kwa namna ileile. Mteja anaingia steshenari na kusema, "Niwekee hii kwenye DVD." Kijana wa kaunta analiburuta faili la MP4, analidondosha kwenye DVD tupu, anachoma, anaandika HARUSI kwa kalamu ya wino mzito, anapokea pesa. Faili limo ndani kweli, na kompyuta yoyote italifungua. DVD ikifika Nachingwea, deki inaizungusha, inakwaruza kidogo, kisha inaandika NO DISC. DVD ni nzima na deki ni nzima. Tatizo ni kwamba kilichochomwa ni DVD ya kuhifadhia mafaili, na deki nyingi hazijui MP4 ni mnyama gani.

DVD ya kuchezwa kwenye deki ina umbo lake. Ndani kuna folda iitwayo VIDEO_TS, na humo mna mafaili yenye mikia ya IFO, BUP na VOB. Picha imebanwa kwa mfumo wa MPEG-2, upana nukta 720 na kimo 576, picha 25 kila sekunde. Hiyo ndiyo PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Tanzania tangu mwanzo. Sauti ni ya AC-3 au MP2. DVD za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1996, wakati H.264, ambayo simu nyingi hutumia kurekodia, ilikamilishwa mwaka 2003. Deki ya kawaida ilitengenezwa kwa kanuni za mwanzo, na hakuna namna ya kuifundisha mpya. Basi ukienda kwa fundi usiseme "niwekee kwenye DVD". Sema hivi: "Fundi, nataka DVD ya kucheza kwenye deki, yenye VIDEO_TS, siyo ya data." Akikuuliza VIDEO_TS ni nini, mshukuru, nenda duka la pili.

Kabla ya kununua chochote, piga simu

Watu wengi huanza na kompyuta. Anza na deki ya huko inakokwenda, kwa sababu yenyewe ndiyo itakayoamua. Piga simu nyumbani: "Shangazi, shikamoo. Hiyo deki yenu ina tundu la flashi? Na kwa mbele imeandikwa nini?" Mwombe kijana aliye karibu apige picha uso wa deki na mgongo wa TV, akutumie. Picha hizo mbili zitakuokolea nauli na muda.

Ukiona TV ni ya flati na ina tundu la USB, huenda huhitaji DVD kabisa. Weka MP4 kwenye flashi, itume. Angalia mambo mawili tu. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, maana TV na deki nyingi za bei ya kawaida hazisomi exFAT wala NTFS. Na kwa kuwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, video ndefu igawe vipande.

Ukiona TV ni ya kichogo lakini deki ina tundu la USB, usishangilie mapema. Tundu la deki si sawa na tundu la TV. Deki nyingi za aina hiyo husoma AVI ya Xvid au faili la MPG, tena lisilozidi nukta za picha ya DVD. Ukiwapelekea MP4 ya simu, jina la faili litaonekana kwenye orodha na picha haitatokea, au sauti itasikika gizani. Uzuri ni kwamba faili la MPG utakalotengeneza kwa ajili ya DVD mara nyingi hucheza pia kwenye tundu hilo. Ukitengeneza moja, umepata vyote viwili.

Deki ya zamani zaidi yenye alama ya VCD peke yake haisomi DVD kabisa. Hapo utachoma CD ya kawaida ya MB 700 kwa mfumo wa VCD: MPEG-1, nukta 352 kwa 288, dakika zipatazo 74 hadi 80 kwa kila CD. Ndiyo sababu enzi za VCD filamu moja ilikuja kwenye CD mbili. Picha yake si kali, lakini kwenye kioo cha inchi 14 inapendeza kuliko unavyodhani.

Kununua Kariakoo

Vifaa vyenyewe havina shida kupatikana. Mitaa ya Aggrey, Likoma na Msimbazi imejaa maduka ya simu na vifaa vyake, na ukiuliza utaelekezwa kwa wauzaji wa kompyuta. Kama laptopu yako haina sehemu ya DVD, kama zilivyo nyingi za siku hizi, nunua kichomeo cha nje kinachoungwa kwa USB. Chagua chenye waya wa vichwa viwili vya USB, au uliza kama waya wa pili upo. Matundu ya laptopu kuukuu hutoa umeme hafifu, na kichomeo kikikosa nguvu katikati ya kazi DVD imekufa. Kijaribishe palepale dukani, na DVD moja ichomwe ukiona.

DVD tupu ndizo zinazowaumiza watu. Jina kubwa kwenye boksi si dhamana, kwa sababu kuchapa jina ni rahisi. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii orijino kabisa," na huenda yeye mwenyewe anaamini. Wewe nunua mbili tatu za rejareja kwanza. Igeuze DVD upande wa chini, uilaze kwenye mwanga: rangi ya zambarau iwe sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, pasiwe na mapovu, mawingu wala doa karibu na ukingo. Kagua ukingo wenyewe kwa kidole. DVD ni mabamba mawili ya plastiki yaliyogundishwa, na ya ovyo huanza kuachana pale. Zikichomeka vizuri na zikacheza hadi mwisho, rudi ununue boksi zima kutoka fungu lilelile.

Nunua zilizoandikwa DVD-R, za GB 4.7. DVD+R nayo hucheza kwenye deki nyingi, lakini deki za zamani hupokea DVD-R kwa urahisi zaidi. Achana na DVD-RW za kufuta na kuandika upya kwa kazi hii. Kioo chake hurudisha mwanga kidogo, na lenzi iliyochoka haizioni. Achana pia na zile za tabaka mbili za GB 8.5. Ni bei juu na zinasumbua deki.

Kuiandaa video yenyewe

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu video mbaya haiponi kwa kuchomwa vizuri.

Tafuta faili la asili. Video iliyopita WhatsApp kama video imeshakamuliwa, na kwenye TV nyuso zitaonekana kama zimepakwa matope. Mwombe aliyerekodi akutumie kama dokumenti, au umfuate na flashi. Kama hujapiga harusi bado, mwambie mpiga video arekodi kwa picha 25 au 50 kwa sekunde, na mwambie mapema. Simu nyingi hurekodi picha 30. Ukizigeuza kuwa 25 za PAL, programu inatupa picha moja katika kila sita. Bibi harusi akitembea kuelekea madhabahuni utaona anastuka-stuka, na kamera ikigeuka kuwafuata wapiga matarumbeta, ukumbi mzima unaruka.

Dawa ya hilo ipo: tengeneza DVD ya NTSC badala ya PAL. NTSC hutumia karibu picha 30 kwa sekunde, nukta 720 kwa 480, na deki nyingi zilizouzwa Kariakoo miaka yote hii zinasoma mifumo yote miwili. Kikwazo ni TV. Baadhi ya TV za kichogo zinazojua PAL peke yake zikipewa NTSC huonesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda kama pazia. Kwa hiyo flati ipe NTSC kama video ni ya simu, kichogo kipe PAL. Na kama wakikupigia simu kwamba "harusi imekuja bila rangi", waulize kwanza kama kuna mtu amebonyeza kitufe kilichoandikwa P/N kwenye rimoti ya deki. Kitufe hicho hubadili mfumo, na watoto hukibonyeza.

Simu ina tabia nyingine: haishiki idadi moja ya picha kwa sekunde. Kwenye mwanga hafifu inapunguza, kwenye mwanga mkali inaongeza. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye programu ya DVD, sauti huanza sawa na midomo, halafu kufikia hotuba ya mshenga imeshaachwa nyuma. Pitisha kwanza video kwenye HandBrake, uchague idadi isiyobadilika ya picha kwa sekunde, kisha ndipo uendelee. HandBrake yenyewe haitengenezi DVD ya deki, ingawa wengi hudhani hivyo. Hapa ni ya kusafishia tu.

Video iliyopigwa simu ikiwa wima itakaa katikati ya TV kama ufito, giza kushoto na kulia. Usiinyooshe ijaze kioo, watu watatoka mabonge. Iache, au mwambie mhariri ajaze pembeni kwa picha ileile iliyofifishwa. Na kama TV ni ya kichogo, majina ya maharusi na maandishi yote yakae mbali na kingo. TV hizo hukata pembezoni mwa picha, na "Hongera Neema na Juma" hubaki "ongera Neema na Jum".

Sasa urefu. DVD ya GB 4.7, ambayo kompyuta itaionesha kama 4.37 hivi, inabeba megabiti kama 37,600. Gawa kwa sekunde za video yako. Saa moja na nusu inakupa karibu megabiti 7 kwa sekunde, na hapo picha ni nzuri sana. Saa mbili inakupa 5.2, bado safi. Saa tatu 3.5, na utaanza kuona vimraba wakati wa kucheza muziki, taa za ukumbi zinapozunguka. Saa nne 2.6: usifanye. Hiyo ndiyo siri ya zile DVD za mtaani zenye filamu ishirini kwenye diski moja. Kila filamu imepewa chembe. Kama sherehe ni ndefu, fanya DVD mbili, ya kwanza kanisani au msikitini, ya pili ukumbini. Kupanda juu kupita kiasi nako kuna mwisho wake, maana deki haipokei picha zaidi ya megabiti 9.8 kwa sekunde, na zile zilizochoka huganda kabla ya kufika huko. Saba au nane inatosha.

Kutengeneza na kuchoma

Programu ya bure ninayoipendekeza ni DVDStyler. Ipakue kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kwa sababu nakala zinazozunguka kwenye flashi za mjini hubeba virusi. Ukiifungua, chagua ukubwa wa diski GB 4.7, chagua PAL au NTSC kwa hesabu tuliyoifanya, na uwiano wa picha 16:9 kwa video za siku hizi. Buruta video yako uidondoshe chini. Itakujengea menyu, kwa wazee iwe na kitufe kimoja kikubwa, au uiondoe kabisa video ianze yenyewe. Kama video ina urefu, weka sura: kuingia ukumbini, keki, zawadi, nasaha za wazazi. Shangazi atabonyeza kitufe cha mbele kwenye rimoti na kufika kwenye zawadi bila kutazama chakula cha saa nzima. Wanaopenda kuandika amri wanaweza kutumia FFmpeg. Agizo la -target pal-dvd linapanga ukubwa, mfumo na sauti kwa mkupuo, japo menyu na folda utavitafutia kwingine. Windows 7 ilikuwa na Windows DVD Maker ndani yake; matoleo yaliyofuata hayana.

Usichome moja kwa moja. Iambie DVDStyler itengeneze faili la ISO kwanza, kisha lifungue kwa VLC. Tazama menyu, ruka kila sura, sikiliza sauti dakika za mwisho. Kosa lililoonekana hapa halikugharimu DVD. Ikikaa sawa, choma ISO hiyo kwa ImgBurn kwenye Windows, au Brasero na K3b kwenye Linux, kwa mwendo wa 4 au 8. Usikubali mwendo wa 16 kwa kuwa kuna foleni. Usifungue kazi nyingine kwenye kompyuta wakati inachoma. Na usiitegemee LUKU peke yake. Umeme ukikatika sekunde moja, DVD hiyo ni ya kutupa. Laptopu yenye betri iliyojaa ni salama kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wachache hulitumia, na ni la thamani sana kwa familia zetu. DVD inaweza kubeba nyimbo za sauti hadi nane kwa picha moja. Lufufu, aliyejulikana Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, alifunika sauti ya filamu kwa sauti yake, na watu wakampenda kwa hilo. Wewe huna haja ya kufunika. Weka sauti halisi ya sherehe kama ya kwanza, halafu mkalishe mjomba anayejua ukoo mzima mbele ya video na kinasa sauti cha simu, ataje nani ni nani: huyu ni mtoto wa marehemu fulani, yule ndiye aliyebaki na shamba la Masasi. Iunge kama sauti ya pili. Kwenye rimoti ya deki kuna kitufe cha AUDIO. Ukikibonyeza, mjomba anaanza kuzungumza. Miaka ijayo sauti hiyo itatafutwa kuliko picha.

Jaribu kwenye deki, siyo kwenye kompyuta

Kompyuta inasamehe, deki haisamehe. Maduka mengi ya Kariakoo yanayouza deki yana TV ya kujaribishia bidhaa. Omba kwa heshima, na usichague deki mpya kuliko zote. Omba ile ya bei ya chini. DVD huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na makosa mengi hukaa ukingoni, kwa hiyo dakika tano za mwanzo hazikuambii chochote. Peleka mbele hadi dakika kumi za mwisho, tazama hapo. Ikiganda, choma nyingine kwa mwendo wa chini zaidi.

Haya yote ni kwa video yako. Filamu ya mtu ni kazi ya mtu. Wasambazaji wa filamu za Bongo walikuwa na maduka Kariakoo, Steps Entertainment ikiwa jina lililojulikana kuliko mengi, na nakala za kuchoma ndizo zilizowala wasanii wakiwa hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi hizo chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuanzia 2013 stempu za kodi za TRA zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki zinazouzwa. Kwaya yako ikitaka kuuza DVD zake, ianze COSOTA kabla ya kwenda kwa fundi wa kuchoma. Na kama umeweka wimbo wa msanii chini ya video ya harusi, ya nyumbani itazame kwa amani, ila usiigeuze bidhaa.

Kufungasha

Andika juu ya DVD kwa kalamu ya wino usio na spiriti kali, upande wa juu, karibu na tundu la katikati. Usibandike lebo ya karatasi. Karatasi hujikunja kwa unyevu wa pwani, diski inayumba ikizunguka, na deki inashindwa kuisoma hata kama ilichomwa vizuri. Andika jina la tukio, tarehe, PAL au NTSC, na urefu wa video, ili fundi wa huko asibahatishe.

Kwenye basi, DVD isafiri ndani ya kava gumu, siyo bahasha. Mwombe kondakta asiiweke juu ya dashibodi, kwenye kioo cha mbele. Jua la kutoka Dar es Salaam hadi Lindi linatosha kuipinda. Tuma mbili zilizochomwa kutoka ISO moja. Flashi ya mpiga video usiifute, na ile ISO inakili kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine, kwa kaka au kwa dada, kwa sababu DVD za kuchoma hufifia, na deki ya Nachingwea ikishakufa mtahitaji kuanza tena na faili, si na DVD.